Aah ya Mchambua Pamba

Naasan mchambua pamba alikuwa na kofia nyeupe ya kufuma, na waimbaji wa Halab, mji wa Shamu, waliiogopa kofia ile kuliko walivyomwogopa mwenye nyumba waliyoimbia. Usicheke. Mtu aliweza kutoka Cairo, jina lake limejaa kwenye mabango, tarbushi mpya kichwani, lakini akishaketi mbele ya wasikilizaji wa Halab macho yanaanza kumtangatanga, yanaitafuta ile kona ya karibu na mlango anakokaa mchambua pamba. Kofia ikibaki ilipo, mwimbaji anajua ameimba vizuri tu, basi. Ikishuka ikafunika macho, anarudi kwao kifua mbele.

Naasan mwenyewe hakuwa akijua kwamba anaishusha. Wimbo ukimpata, mkono ulipanda wenyewe ukaivuta kofia mpaka puani, kisha ikamtoka "Aah" moja ya chini, ya mtu aliyeguswa kidonda. Akizinduka anaona haya, anawaomba radhi waliokaa karibu naye, anauliza kama kahawa imeshapita.

Hali hiyo wenyewe wanaiita tarab. Ndiyo, ni neno lile lile. Kwetu pwani tulilipokea, tukalivisha gauni, tukaliwekea vinanda na mafumbo ya kuchambana, na sina ugomvi na mtu, nami nimeshatunza mara nyingi. Lakini kabla halijawa jina la muziki lilikuwa jina la kitu kinachompata mtu. Waarabu wa zamani walipolieleza walisema ni wepesi, ule wepesi unaomchukua mtu furaha inapomzidi au huzuni inapomzidi, vyote viwili sawasawa, mpaka akawa hajijui. Hata ngamia walisemwa kwa neno hilo, wale wanaokumbuka malisho ya kwao wakawa hawashikiki. Kwa hiyo mwambie mtu wa Halab kwamba fulani ana tarab kwa sababu anatikisa kichwa na kupiga makofi, uone atakavyokutazama kwa huruma.

Na kwa kuwa ni kitu kinachompata mtu, hakiigizwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya wasikilizaji wa mji ule, watu ambao hakuna aliyewalipa wala kuwapa cheo, ila mwimbaji asiyepita kwao hakuhesabiwa mwimbaji. Ukilala usingizi katikati ya wimbo ulisamehewa. Ukikohoa ulisamehewa. Lakini kutoa "Aah" ambayo haikutoka yenyewe kulikuwa sawa na kutoa ushahidi wa uongo, na mtu aliyefanya hivyo hakuulizwa tena neno.

Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa mtoto wa kiume mwenye sauti.

Bakri alijifunzia kuimba dukani kwa baba yake, nyuma ya soko la nguo. Kazi yenyewe ilikuwa na muziki wake. Mchambua pamba hushika upinde mkubwa wenye uzi wa utumbo wa kondoo, akaugonga uzi ule kwa nyundo ya mti, ukavuma ndani ya lundo la pamba na kuifumua ikawa laini. Bakri aligonga, akaishika sauti ya uzi, akaimba juu yake. Naasan alikuwa ameketi upande wa pili akishona mifarishi ya maharusi, yale mashuka mazito ya pamba, sindano mdomoni, akimsahihisha. Hapo umepanda mno. Hapo umeshuka mapema. Hapo umevuta pumzi kama mtu anayekunywa supu. Alianza kumsahihisha mtoto hajaota ndevu, na ndevu zikaota, bado anamsahihisha. Hakumsifu hata siku moja. Hakuwa mtu mbaya, Naasan. Aliamini kwamba sifa huharibu koo la kijana, na labda pia aliogopa kumpenda kupita kiasi mbele za watu.

Basi Bakri akawa mwimbaji asiyekosea, na balaa lilianzia hapo. Aliimba kama mtu anayevuka uwanja wenye vigae vilivyovunjika, akichungulia kila anapokanyaga. Kila kitu kilikuwa mahali pake na hakuna kilichomgusa mtu. Naasan alilijua hilo. Alijua pia ni nani aliyemtia kijana uoga ule, na jambo hilo lilimla moyo kimyakimya, naye akaendelea kusahihisha kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuzungumza na mwanawe.

Majira ya kupukutika majani yalipofika, Fattuh mpiga kanuni, kinanda cha nyuzi kinacholazwa magotini, alipata kazi ya kupiga redioni Beirut na kundi lake, na mwimbaji wake alikuwa ameugua koo. Akamtamani Bakri. Lakini Fattuh alikuwa mtu wa Halab, hakuweza kuondoka na sauti ambayo Halab haijaipitisha. Akasema Bakri aimbe Ijumaa baada ya alasiri nyumbani kwa Haji Zakkur, mfanyabiashara wa sabuni, mbele ya wasikilizaji. Wakimpitisha, Jumamosi wanapanda gari. Wasipompitisha, arudi kwenye pamba na asimlaumu mtu.

Kwa Haji Zakkur hakuna aliyeambiwa kwamba ameshindwa. Walikuwa na adabu zao. Wimbo ukiwa hauendi popote, Haji aliinua kidole kimoja, mtumishi akaleta kahawa, na vikombe vikishaanza kugongana kila mtu anaelewa kwamba kikao kimekwisha. Mwimbaji hunywa kikombe chake, hushukuru, huenda zake. Nimewaona watu wazima wakikishika kikombe kile kwa mikono miwili ili kisiwaanguke.

Ijumaa ile Nadima, mke wa Naasan, alikuwa jikoni akitwanga nyama ya kibbe kwenye kinu cha jiwe, na alitwanga kwa namna ambayo nyumba nzima ilijua ana neno. Bakri alikuwa ameshatoka, amevaa koti la kuazima, hakula. Naasan alisimama mlangoni akitafuta viatu ambavyo vilikuwa mbele yake.

Nadima akaacha kutwanga. Alimwambia kwamba amemzalia, amemfulia, amevumilia miaka yote nyumba yenye pamba mpaka kwenye chumvi, na hajawahi kumwomba kitu. Leo anaomba.

"Kwa wageni kofia inafika puani," akasema. "Kwa mwanangu umekuwa jiwe."

Naasan akamwambia kwamba jambo lile si la kutaka. Laiti lingekuwa la kutaka. Haliji kwa sababu mtu ni mwanao.

"Basi mwazime. Watu wanaazimana masufuria, wewe mwazime mwanao Aah moja. Mdomo si wako?"

"Watajua, Nadima."

"Watajuaje? Wako ndani ya kifua chako?"

 Naasan alivaa viatu akatoka, na njia nzima mpaka kwa Haji Zakkur alikuwa akimwomba Mungu amfanyie wepesi, na hakujua anaomba wepesi gani.  Kila aliyemsalimia njiani alimsalimia kwa uchangamfu kidogo kupita kawaida, maana mji ulikuwa unajua.

Uani kwa Haji Zakkur walikuwa wameshaketi kuzunguka kidimbwi, kila mtu mahali pake. Naasan akaenda konani kwake. Jirani yake alikuwa Subhi, mwadhini wa msikiti wa mtaani, mzee mwenye masikio makubwa na maneno machache, ambaye walikuwa wamekaa naye bega kwa bega tangu ujana wao. Subhi akamgusa goti, akauondoa mkono. Mwenyeji, jitu la watu, nguo zake zinanukia sabuni ya mti wa mlori, alizunguka akiwakaribisha wote, na alipofika kwa Naasan alimkaribisha sawa na wengine, bila kuzidisha wala kupunguza. Naasan akamshukuru moyoni kwa hilo.

Kundi la Fattuh likaanza na nyimbo za pamoja, ambazo kila mtu anazijua na hazimfichui mtu. Bakri aliziongoza vizuri. Vichwa vilitikisika kidogo. Kisha vyombo vikanyamaza vyote isipokuwa kanuni, na ikafika zamu ya kuuita usiku. Hapo mwimbaji hupewa maneno mawili tu, ewe usiku, ewe jicho, na kazi yake ni kuyarudia na kuyageuza mpaka yawe kitu. Maneno hayamsaidii, kundi halimfichi. Anabaki mtu na kifua chake.

Bakri akaanza kwa mahadhi ya Hijazi. Alianza chini, safi, akapanda ngazi moja, akatulia, akapanda nyingine. Naasan alifumba macho akasikiliza kama anavyosikiliza siku zote, na hakukuta kosa lolote. Alisubiri. Akajisikia miguu yake, mikono yake, kiti kilichokuwa kinamchoma mgongo. Hakuna kilichokuja. Alisikia ule uangalifu, ile kuchungulia kabla ya kukanyaga, na kila alipousikia alijisikia yeye mwenyewe, na sindano yake mdomoni, akisema hapo umepanda mno.

Akafumbua macho. Watu walikuwa wametulia kwa heshima, na heshima mahali pale ilikuwa dalili mbaya. Subhi alikuwa anayatazama maji. Mmoja alikuwa ametoa tasbihi. Bakri alikuwa amekaa wima kwenye koti lisilo lake, mkono mmoja juu ya goti. Alikuwa anapanda kuelekea juu kabisa, pale ambapo mwimbaji hukaa kidogo kabla ya kurudi chini nyumbani, na Naasan akageuza macho akamwona Haji Zakkur anauinua mkono wake kutoka kwenye mto. Anauinua polepole. Kidole kinanyooka.

"Aah," akasema Naasan. "Allah, Allah."

Alisema kwa sauti. Alisema mapema, Bakri bado yuko juu, hajarudi chini. Na msikilizaji hata wa jana tu anajua kwamba Aah husubiri sauti itue. Kidole cha Haji Zakkur kikasimama hewani. Kwa kitambo kidogo uso wa Haji ulionyesha kwamba anajilaumu, kwamba labda masikio yake yameanza kuzeeka. Kisha akamtazama Naasan. Subhi akageuka akamtazama. Mwenye tasbihi akamtazama. Wote walikuwa wanatazama mahali pamoja, juu kidogo ya macho yake, na hapo ndipo Naasan alipojua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, habari ya kofia. Mkono wake ulikuwa gotini. Kofia ilikuwa imekaa pale pale ilipokaa alipotoka nyumbani.

Bakri naye akatazama. Sauti ikamkatikia kule juu. Fattuh akaendelea kupapasa kanuni akimngoja, akamrudishia mwanzo wa mahadhi, akamrudishia tena, kisha akaweka viganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha.

"Kofia yako, baba," Bakri akasema. "Haijasogea."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Kahawa ikaja, maana hakuna aliyejua kitu kingine cha kufanya. Bakri akanywa kikombe chake chote, akamshukuru mwenyeji, akamshukuru Fattuh, akavaa viatu vyake mlangoni, hatua mbili tu kutoka kwa baba yake, akaondoka bila kumtazama.

Naasan alitaka ardhi ipasuke. Haji Zakkur alikichukua kikombe kutoka kwenye sinia akamletea mwenyewe kwa mkono wake, jambo ambalo halikuwa desturi.

"Kunywa, Abu Bakri," akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Sote ni wazazi."

Huruma ile ilimuuma kuliko tusi. Akanywa.

Fattuh alikwenda Beirut na mwimbaji aliyempata mjini Hama, na watu wanasema alifaa. Naasan naye hakufukuzwa na mtu. Ila Ijumaa iliyofuata mjumbe wa Haji Zakkur aliyezoea kupita dukani kumkumbusha hakupita, na iliyofuata pia. Hawakuwa wamekasirika. Alikuwa tu hawafai tena, kwa sababu kuanzia siku ile Aah yake hata ikiwa ya kweli nani angejua? Subhi alikuja mara moja, akanunua mto asiouhitaji, akazungumza habari za mvua. Nyumbani, Nadima aliacha kutwanga kwa hasira. Usiku mmoja akamwambia, bila kumtazama, "Mimi nilikuomba uongo, na wewe ukaniletea," na hakuongeza neno.

Bakri alirudi kwenye upinde. Hakuwa na pa kwenda. Majira ya baridi ndiyo majira ya mifarishi, na kila mwenye binti wa kuozwa alileta pamba yake. Baba na mwana walifanya kazi katika duka lisilofika upana wa vitanda viwili wakawa hawasemezani isipokuwa kwa mambo ya kazi. Leta. Shika. Hii ya nani. Bakri hakuimba tena. Aligonga tu, na aligonga vibaya, kwa nguvu isiyotakiwa, pamba ikaruka mpaka darini. Naasan aliona, na kwa mara ya kwanza hakumsahihisha. Kila neno la kusahihisha lililomjia alilimeza.

Alikuwa na swali moja tu, nalo lilimkosesha raha hata ya chai. Je, kijana alikuwa na kitu ndani ambacho yeye alikizika, au hakuwahi kuwa nacho? Asingeweza kuuliza. Na hata angeuliza, jibu lingekuwa la mdomo, na mambo ya mdomo yalikuwa yameshawatosha.

Siku moja ya mvua, soko likiwa tupu, Bakri aliugonga uzi mpaka ukakatika. Ulikatika kwa kishindo ukamchapa kifundo cha mkono, alama nyekundu ikatokea hapo hapo. Hakulia wala hakulaani. Akaketi chini kwenye pamba, akampa baba yake mgongo, akatoa uzi mpya kwenye maji ulikokuwa umelowekwa, akaanza kuufunga. Uzi mpya haukazwi mara moja. Unakaza, unaugusa, unausikiliza, unakaza tena. Akaugusa ukalia chini. Akakaza. Akaugusa, na sauti yake ikaufuata ule uzi bila yeye kutaka, kama zamani.

Ilikuwa Hijazi ile ile na maneno yale yale mawili. Lakini sasa alikuwa na hasira, na hakuwa akimwimbia mtu. Akaliita jicho kwa sauti ya kukwaruza, akapanda ngazi ambayo haikuwa tayari, akateleza, akapanda hivyo hivyo. Mle ndani mlikuwa na koti la kuazima, na kikombe cha kahawa alichokinywa mbele za watu, na gari la Beirut lililoondoka bila yeye, na mle ndani mlikuwa na baba yake pia. Alifika kule juu alikokatikia siku ile akakaa pale, na sauti ikapasuka, na hakuiokoa. Akaiacha ipasuke. Kisha akarudi nayo chini taratibu mpaka ikatua.

Naasan alikuwa ameacha kushona. Alihisi baridi ikitoka nyayoni ikipanda, kile kitu ambacho hakijampata kwa mwanawe hata siku moja, na kikamfika kifuani, na Aah ikapanda mpaka kooni. Akaibana. Akauma meno juu yake. Hakuwa na haki nayo tena. Aliiuza, na kijana asingeiamini, na angekuwa sahihi kutoiamini. Machozi yakamtoka ovyo. Alifurahi mpaka akaumia, au aliumia mpaka akafurahi, hakujua, na hakuna aliyemuuliza.

Bakri alikaa pale chini, mgongo kwa baba yake, uzi mkononi. Alikuwa anangoja. Mtu aliyesahihishwa maisha yake yote husubiri kusahihishwa hata asipotaka. Mvua ilipiga kwenye bati. Kutoka nyuma yake halikuja neno, halikuja Aah, halikuja lolote, na mabega yake yakaanza kukazana tena.

Ndipo akageuka.

Baba yake alikuwa ameketi na mfarishi wa watu magotini, mdomo umefumbwa kwa nguvu, na kofia imeshuka mpaka puani. Mkono uliopanda wenyewe ukaishusha ulikuwa bado unaishikilia. Kisogo chake kilikuwa wazi, chenye mvi, kimejaa vinyweleo vya pamba.

Bakri alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaugeukia upinde, akakaza uzi kwa mara ya mwisho, akaokota nyundo.

"Kofia yako, baba," akasema. "Ipandishe. Pamba inakujaa kisogoni."